Bimkubwa, adhana ya adhuhuri na sketi ya lastiki

Kuanzia siku ya pili baada ya Krismasi mpaka katikati ya Januari mimi si mtu wa kusalimiwa kwa kirefu. Ni fundi cherehani, nina fremu ndogo Mbagala Rangi Tatu, na riziki yangu ya nusu mwaka inatoka kwenye wiki hizo chache kabla shule hazijafunguliwa. Wazazi wanakuja na mita mbili za tetroni kwapani, mkono mwingine umemkamata mtoto, na kila mmoja anataka sare kesho. Shule inafunguliwa Jumatatu, yeye anatokea Jumamosi magharibi. Tumeshazoeana.

Kuna neno nimelisikia msimu baada ya msimu bila kulitia akilini. Mtoto wa miaka mitatu, minne, anasimamishwa mbele yangu apimwe. Hataki kunyoosha mikono. Mama yake anamwambia, "Simama vizuri! Ngoja uanze shule, madamu atakunyoosha." Na mimi, kwa kutaka kazi iende, natia chumvi: "Eeh, shuleni kuna fimbo ndefu kuliko hii futikamba." Mtoto anakauka. Napima kifua, kiuno, urefu. Haya, mwingine.

Halafu mwaka jana ikafika zamu ya binti yangu.

Binti yangu ana jina la mama yangu mzazi, na kwetu Kilwa mtoto aliyerithi jina la mkubwa haitwi hovyo. Tangu yuko kwenye nepi tunamwita Bimkubwa, na yeye ukubwa wenyewe ameushika kwelikweli. Akitaka maji hasemi naomba, anasema, "Fundi, maji." Mama yake ana meza ya chapati na uji kituoni, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo mtoto amekulia kwangu, ndani ya fremu. Kitanda chake kilikuwa chini ya meza ya kukatia, juu ya gunia la vipande. Kauzoea mlio wa cherehani kiasi kwamba nikisimamisha mguu ndipo anaamka.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyelala chini ya meza ile Januari tatu mfululizo amemsikia baba yake akiwaambia watoto wangapi kwamba shuleni kuna fimbo? Mimi sikuipiga hesabu hiyo. Nilikuja kuipiga usiku wa kuamkia siku yake ya kwanza. Sare imetundikwa kwenye msumari, viatu vipya yuko navyo kitandani, hataki kuvivua. Akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Baba, fimbo yangu mimi ni ya mita ngapi?"

Mama yake aligeukia ukutani. Mimi nikajifanya nimesinzia.

Shule yenyewe tuliitafuta tangu Novemba. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Darasa la awali kwenye shule za msingi za serikali halina ada tangu 2016, na sera ya elimu ya 2014 ililifanya la lazima, angalau mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Lakini jirani yetu pale wanapokea wa miaka mitano, na hata angekuwa ametimiza, nilichungulia dirishani nikahesabu vichwa mpaka sitini nikaishia hapo. Kiwango chenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Zikabaki chekechea za mtaani, hizi ambazo wazee bado wanaziita vidudu.

Ya kwanza tuliyoingia ilikuwa na geti zuri na katuni ukutani. Ndani watoto kama thelathini wamekaa kila mmoja kidole mdomoni, kimya kama msibani. Mwenye shule akanisifia, "Unaona nidhamu, mzazi?" Mezani palikuwa na kipande cha bomba la maji la plastiki. Hakuna aliyeniambia ni cha nini na mimi sikuuliza. Ya pili ilikuwa ya Kiingereza kuanzia getini. Kitoto kimoja kilikuwa kinabana miguu, kinataka kwenda haja, na msaidizi anakiambia kiseme kwa Kiingereza kwanza. Sina ugomvi na Kiingereza. Wateja wangu wengi wanapeleka huko, na sare zao ndizo zinazonilipa, zina tai na nembo. Ila mtu aliyebanwa na mkojo, awe na miaka mitatu au hamsini, hafundishwi lugha pale pale.

Ya tatu ni nyumba ya vyumba viwili na ua wenye mwarobaini. Elfu thelathini kwa mwezi, uji humo humo. Watoto walikuwa chini wakipanga vizibo vya soda, wengine wanagombana, kelele tupu. Mwalimu ni mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza. Alichuchumaa mbele ya Bimkubwa, hakumuuliza jina wala umri, akamuuliza kama viatu vyake vinakimbia. Bimkubwa akamwonyesha kwamba vinakimbia. Mimi, niseme ukweli, kilichonishawishi ni choo. Kilikuwa na tundu dogo la kitoto na kopo la maji linaloinulika kwa mkono mdogo, tofauti na lile shimo la watu wazima ambalo mtoto akichungulia anaona kaburi. Mnaotafuta shule, anzieni chooni. Darasa watakuonyesha wenyewe.

Basi siku ya kwanza ikafika, na pamoja na ujuzi wangu wote wa vyoo nikafanya kosa ambalo wazazi wengine hunisimulia kama ndiyo mbinu. Nilitoroka. Dada msaidizi, binti mdogo tu, aliniambia, "Mzazi, akishika mwanasesere wewe potea." Bimkubwa akashika mwanasesere. Mimi nikapita nyuma ya mwarobaini kama mtu anayemkwepa anayemdai. Nilikuwa sijafika barabarani nikasikia sauti. Mzazi anaijua sauti ya mwanawe hata kati ya watoto thelathini. Nikaendelea kutembea, maana nilikuwa na mashati saba ya kumalizia, na nilijiambia atazoea.

Saa sita na nusu nilimkuta amesimama getini, begi mgongoni, kiatu kimoja, sauti imekauka. Uji hakuugusa. Hakunikimbilia. Alinitazama kama mteja anayekuja kuchukua nguo ambayo haijaanza hata kukatwa.

Wiki iliyofuata niliijutia. Dukani alikuwa anakuja kukaa chini ya cherehani na kuweka mguu wake juu ya mguu wangu kwenye pedeli, nikikanyaga anakanyaga, nikiinuka anainuka. Nikienda msalani anasimama nje ya mlango akiniita kila baada ya pumzi mbili. "Fundi upo?" Nipo. "Fundi upo?" Nipo, mama. Usiku nilikuwa naamshwa na kiganja kinachopapasa uso wangu, kinahakiki pua, kinahakiki ndevu. Na alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani karibu mwaka mzima. Alianza tena.

Alhamisi mwalimu aliniita pembeni. "Fundi, nani alikwambia uondoke kimya kimya?"

Nikamtaja dada.

"Dada ana miaka kumi na tisa, hajazaa. Wewe ni mtu mzima. Mtoto akigeuka akakukosa, kesho yake kazi yake ni kugeuka tu. Hataimba, hatakula, atalinda mlango. Muage."

"Nikimuaga atalia, mwalimu."

"Si analia hata sasa? Alie akijua umekwenda wapi."

Kabla sijalifanyia kazi hilo, mama yake akaamua kwamba tatizo ni mimi. Ijumaa alimwachia shoga yake meza ya chapati, akampeleka mwenyewe. Alikaa naye darasani, kwenye kile kigoda cha kitoto, magoti yanagusa kidevu. Kila akitaka kuinuka, mtoto anapiga ukelele, naye anakaa. Anambusu. Anainuka. Anakaa. Saa nne, wenzake wakiwa kwenye uji, nikamwona anakata kona ya duka la simu, mtoto kambeba mgongoni kwa khanga, wote wawili macho mekundu. Sikusema kitu. Ningesema nini, mimi mtoro?

Jumatatu tukaanza upya, na kwanza ilibidi tumpe kitu cha kushika kichwani. Mtoto wa umri ule hajui saa sita na nusu ni nini. Ukimwambia "nakuja sasa hivi" ni uongo, na ukimwambia "nakuja baadaye" baadaye haina sura. Nikawaza, siku yake inapimwa na nini? Shule iko hatua chache kutoka msikitini. Spika ya mnara ule inasikika mpaka ndani ya friji. Na Januari, Dar es Salaam, adhana ya adhuhuri inaangukia karibu kabisa na hiyo saa sita na nusu. Nikachuchumaa kama mwalimu alivyofanya, nikamwambia, "Sikiliza Bimkubwa. Mtaimba. Halafu uji. Halafu mtacheza chini ya mti. Halafu muadhini ataadhini. Akimaliza, mimi nipo getini." Nikamwambia arudie. Akarudia, uji akauruka. Nikamuaga kwa kwaheri moja, si tatu, nikamgeuzia mgongo huku anajua nimemgeuzia.

Alilia, tena sana. Nilivuka barabara nikasimama genge la mama mmoja jirani yetu, nikijifanya nachagua nyanya. Mama wa genge amekaa mkabala na chekechea ile miaka, amewaona wengi. Hakunitazama hata, alikuwa anafunga mafungu ya matembele. "Fundi, chagua tu. Kabla hujafika kwenye vitunguu atakuwa kanyamaza." Siku ile nilifika mpaka kwenye ndimu. Siku ya pili, vitunguu. Siku ya nne nilikuwa bado nina nyanya moja mkononi nikasikia wanaimba na sauti moja inawahi mbele ya wenzake, na hiyo naijua ni ya nani. Wiki ile tulikula mchuzi wa nyanya mpaka mama watoto akauliza kama nimepata hisa kwenye lile genge.

Saa sita na nusu, adhana inakata, mimi getini. Swala naiwahi nikirudi naye, anakaa kwenye ngazi na viatu vyangu. Dukani nilitundika kibao cha chaki: FUNDI KAENDA SHULE. Wateja wakawa wananitania kwamba nimerudi darasa la kwanza. Mmoja alikasirika, akachukua kitambaa chake akapeleka kwa fundi wa pili. Nilikiona kikienda. Kilikuwa kitambaa kizuri.

Na bado nikateleza. Ijumaa nilisahau kwamba msikiti wetu siku hiyo una adhana mbili, na ya kwanza inatangulia mapema. Mimi nipo dukani napiga ovaloki, naisikia kama mtu anavyosikia jogoo. Bimkubwa aliposikia, aliacha uji, akavaa begi, akaenda kusimama getini. Muadhini akamaliza. Baba hayupo. Mwalimu aliniambia alikaa naye pale chini, akimweleza, lakini umweleze nini mtoto aliyeambiwa adhana na adhana ameisikia? Nilipofika aliniambia neno moja tu: "Imeisha zamani." Nikaomba radhi. Ndiyo, nilimwomba radhi mtoto wa miaka mitatu na nusu hadharani, na baba mmoja pale akaguna. Wiki iliyofuata nikamfundisha: Ijumaa ni adhana ya pili. Ijumaa asubuhi akawa anaondoka nyumbani vidole viwili vimenyooshwa, asivikunje mpaka tufike.

Kwa wasiokaa jirani na msikiti, mnajua wenyewe siku ya mtoto wenu inakatwa na nini. Kengele ya kanisa, treni, kaka mkubwa kutoka shule, muuza barafu anayepita saa ileile. Iwe tu ni kitu anachokisikia yeye, na wewe usikose.

Katikati ya yote haya nilikuwa najiuliza mbona sisi hatukulia. Mimi sikusoma chekechea. Nilipelekwa chuoni, yaani madrasa, Kilwa Kivinje, miaka minne mitano hivi, na nakumbuka siku yenyewe kwa ladha. Mama alinishika mkono, mkono mwingine kabeba sinia la bisi na njugu limefunikwa kawa. Tulipofika, maalimu akanikalisha mkekani kati ya binamu zangu wawili, bisi zikagawiwa, kila mtoto akajua zimetoka kwa nani. Kwa hiyo niliingia nikiwa mwenyeji. Na kulikuwa na wakubwa wa miaka kumi, kumi na mbili, ndio waliotufunga vikoi na kutupeleka msalani. Fimbo ilikuwepo, sitaki kupamba, niliionja. Lakini peke yangu sikuwa hata dakika moja. Chekechea unachukua watoto thelathini wa umri mmoja, wote wageni, wote wanataka mama, unawaweka chumba kimoja. Hakuna mkubwa wa kumshika mkono mwingine.

Nikamwuliza mwalimu kama naweza kuleta bisi. Akacheka ile sauti yake. "Leta, lakini karanga usilete, kuna mmoja zinamvimbisha." Jumatano mama Bimkubwa akakaanga bisi sufuria zima, na Bimkubwa mwenyewe akagawa, kila mtoto kiganja, akihesabu kwa namba zake: moja, mbili, tano. Siku ile alirudi anawajua watu wanne kwa majina. Mmoja ni mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikuwa tunapishana naye kila asubuhi mimi na baba yake tukisabahiana kwa kichwa tu, kila mmoja anamburuta wake. Kuanzia hapo tukawa tunawapeleka pamoja, leo mimi, kesho yeye. Wawili wakishikana mikono hawalii kwa wakati mmoja. Mmoja akianza, mwingine anajifanya mkubwa.

Sasa niseme la kazi yangu, maana hapa nina haki ya kuongea. Machozi mengi ya chekechea yanashonwa. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kufungua ndoano ya kiunoni wala kushusha zipu iliyokaza. Akibanwa, anamwonea haya madamu asiyemjua, anajaribu mwenyewe, anashindwa, anajikojolea, wenzake wanacheka, na kesho yake anashika nguzo ya mlango hataki kutoka. Nyumbani wanasema mtoto hapendi kusoma. Shida ni ndoano. Kwa hiyo wa chekechea namtilia lastiki kiuno kizima, sketi kwa kaptula, hata mama aking'ang'ania nishone kama ya dada yake. Na gauni lenye vifungo mgongoni sishoni tena kwa umri huo hata kwa bei mara mbili. Mimi mwenyewe nisingeweza kulivua.

Tetroni mpya nayo ina wanga wa kiwandani. Inakwaruza shingo na kuweka joto, na Januari ya mji huu mnaijua. Ifueni mara tatu nne kabla, kisha mvalisheni nyumbani, ale nayo, aburuzike nayo. Ya Bimkubwa niliishona mapema Desemba, akaivaa dukani siku nzima nzima mpaka ikapata doa la maembe. Mama yake alikereka. Mimi doa lile nililipenda, kwa sababu nguo ilikuwa imekuwa yake.

Msiseme pia "mshonee kubwa akue nayo." Nawaona Januari wanavyojikwaa kwenye sketi ya mtoto wa miaka sita, mabega ya shati yako kwenye viwiko, na mtoto aliyevaa hivyo anajisikia kapotea hata kabla hajafika. Niambie niache pindo la inchi tatu kwa ndani. Mwakani lete, nafungua, dakika kumi. Na alama: watoto thelathini wana masweta thelathini ya rangi moja (sweta, ndiyo, Mbagala, Januari, usiniulize). Jina ukiandika hasomi. Nenda na uzi wa rangi anayoipenda, shona mistari miwili kwenye kola kwa ndani. Bimkubwa alichagua zambarau. Alikuwa anawafunua kola wenzake kuhakiki, mwalimu akasema sasa basi.

Kuna jambo mwalimu aliniambia wakati nasubiri getini, nikamwona kijana mmoja mdogo amekaa kando ya ukuta, mtulivu, mkono kwenye begi. Nikasema yule kazoea upesi. Akatikisa kichwa. "Yule ndiye ananinyima usingizi. Anayelia ananiambia. Yule hajala siku ya tatu leo, na mama yake anafurahi kwamba halii." Akawa anamweka karibu naye wakati wa uji, hasemi naye, anakula tu pembeni yake. Ilichukua mpaka karibu na Februari.

Mama Bimkubwa, kwa upande wake, alikata kipande cha khanga yake ya zamani, ile aliyombebea mtoto, akanipa nikishonee ndani ya mfuko wa sketi ili akimkumbuka akishike. Nilikishona kwa mshono wa siri, tukajiona wajuzi. Siku ya pili kilirudi kimefutiwa uji. Siku ya tatu hakikurudi, kapewa mtoto aliyeanguka akachubuka goti. Bimkubwa hakukitaka wala hakukidai.

Alichokitaka alikichukua mwenyewe. Asubuhi moja nageuka huku na huku natafuta futikamba ya zamani, ile ambayo namba za mwanzo zimefutika, siioni. Adhuhuri mwalimu ananiambia, "Fundi, mwanao anapima watoto." Nikachungulia. Alikuwa amewapanga chini ya mwarobaini, futikamba shingoni kama mimi, anamwambia wa mbele, "Nyoosha mikono. Geuka. Haya, mwingine." Alikuwa anataja namba zisizokuwepo duniani. Na kitoto kipya kilichoingia siku ile, machozi bado yanatiririka, kilikuwa kimesimama kwenye foleni kikisubiri zamu. Baada ya siku chache mama mmoja akaja dukani kuniuliza kama kweli binti yangu amechukua vipimo vya mwanawe, maana mtoto anadai nguo yake.

Nilinunua futikamba nyingine Kariakoo. Ile haijarudi.

Nisije nikawadanganya kwamba hapo ndipo hadithi ilikwisha. Likizo ya Juni alikaa dukani mwezi mzima, na shule ilipofunguliwa tukarudi mwanzo: miguu kwenye pedeli, kiganja usoni usiku, kulia getini. Mama yake akakata tamaa. Mimi nikarudia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, mtaimba, uji, mti, adhana, nikaenda kusimama gengeni. Siku ya pili nikafika vitunguu. Siku ya tatu nyanya.

Mwaka huu yupo mwaka wa pili, na chini ya meza haenei tena, miguu inabaki nje. Jumamosi iliyopita magharibi, kama kawaida, akaja mama na mvulana na mita mbili za kitambaa. Mtoto akakataa kunyoosha mikono. Mama yake akaanza, "Simama vizuri! Ngoja uanze shule..." Nami mdomo ukafunguka wenyewe, mazoea ya miaka kumi na mbili. Sauti ikatoka chini ya meza kabla yangu.

"Hakuna fimbo. Kuna uji. Ila sukari wanaweka kidogo."